Mwezi mmoja wa kusoma na kusikiliza vitabu: mwongozo kamili kwa mtu mwenye kazi za mikono

Juni hapa Mbeya huja na mambo mawili kwa pamoja: baridi kali na sare za shule. Watoto wako likizo, shule zinafunguliwa Julai, na wazazi wote wanakumbuka ndani ya wiki moja kwamba sketi ya mwaka jana imekuwa fupi. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa, na mwezi huo ndio niliouchagua wa kusoma. Watu waliniambia ningoje Agosti, kazi itakuwa imepungua. Lakini miaka yote nimekuwa nikingoja kazi ipungue, na miaka yote sijasoma. Safari hii nilitaka nijue kama mtu anayeingia kazini saa mbili asubuhi na kufunga saa moja usiku anaweza kukaa na vitabu bila kuacha kazi, kwa macho na kwa masikio.

Anaweza. Nimeandika hapa hatua kwa hatua jinsi nilivyofanya, na mahali nilipokosea, ili ukitaka kujaribu mwezi wako usirudie makosa yangu.

Nimeulizwa mara nyingi kama kusikiliza kitabu ni kusoma. Bibi zetu walizipokea hadithi kwa masikio. Mmoja alisema "Hadithi, hadithi", wengine wakaitikia "Hadithi njoo", na mpaka leo tunazijua. Kitu kimoja tu kinabadilika. Ukisoma kwa macho na mawazo yakahama, ukurasa unakungoja hapo hapo. Sauti haikungoji, inaendelea na safari yake. Kwa hiyo kusikiliza kunataka utaratibu wake, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni utaratibu huo.

Hatua ya kwanza: zijue saa zako kabla ya kutafuta kitabu

Kwa siku tatu, kabla mwezi haujaanza, andika kwenye daftari unachofanya tangu unapoamka hadi unapolala. Usibadilishe chochote, andika tu. Halafu pitia orodha hiyo na kila saa uipe jina moja kati ya matatu: saa ya macho, saa ya masikio, au saa ya kimya.

Saa ya macho ni ile ambayo mikono na macho yote yako huru. Yangu ilikuwa nusu saa alfajiri na dakika arobaini hivi usiku. Kidogo, lakini ipo kila siku. Saa ya masikio ni ile ambayo mikono ina kazi inayoijua yenyewe: kupiga mapindo, kubandika vifungo, kupiga pasi, kukaa kwenye daladala, kufua, kuchambua maharage siku ya Jumapili. Hapa ndipo niliposhangaa. Nilikuta nina saa tatu, siku nyingine nne, ambazo sikuwahi kuzihesabu kuwa ni zangu.

Saa ya kimya ni ile ambayo kitabu hakitakiwi kabisa. Tafadhali usiipuuze. Kwangu ni kupima mteja, kukata kitambaa, kupiga hesabu ya mwisho wa siku, na kuvuka barabara. Wiki ya kwanza nilidharau hili. Nilikuwa nasikiliza hadithi ya upelelezi, imefika pale ambapo mlango unafunguliwa, na mkasi uko mkononi. Nilikata suruali tatu za mtoto wa darasa la nne kwa vipimo vya ukurasa wa pili wa daftari, ambao ulikuwa wa mtoto wa chekechea. Kitambaa nilikilipa mimi. Tangu siku hiyo, mkasi ukiingia mkononi hedifoni inatoka sikioni, na nimemfundisha hivyo hivyo binti ninayemfundisha kushona.

Wewe kazi yako inaweza kuwa nyingine. Anayechuma chai Rungwe, anayepukuchua mahindi Mbozi, anayepanga nyanya sokoni Ilula, wote wana saa za masikio nyingi kuliko wanavyodhani. Dereva ajiulize kwa makini zaidi, na wa bodaboda asijiulize kabisa: masikio yake ni ya barabara.

Hatua ya pili: chagua kitabu kwa kuangalia kazi itakayokibeba

Watu wengi huchagua vitabu kumi kwa mwezi kwa sababu namba kumi inapendeza. Chagua vitatu au vinne. Mimi nilichagua vinne, nikaongeza kimoja cha akiba.

Kwa saa ya macho nilitaka riwaya ndefu inayotaka utulivu. Nilichukua Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kitabu chenyewe kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis ndiye aliyekileta kwenye Kiswahili. Sentensi zake zinataka usome polepole, urudi, uendelee. Kitabu cha namna hiyo usikipeleke kwenye cherehani.

Kwa saa ya masikio nilitaka vipande vifupi vinavyojitegemea. Hadithi fupi za upelelezi zilinifaa sana, kila moja chini ya saa moja. Sketi mbili za marinda, pindo na zipu, ni hadithi moja. Ukikatizwa na mteja katikati, unarudi bila kuwa umesahau majina ya watu ishirini. Riwaya yenye familia tatu na vizazi vinne itakupotezea njia mara tu mtu akija kuulizia kaunda suti yake.

Kitabu cha tatu kilikuwa cha kusoma kwa sauti, na hicho nitakieleza peke yake. Cha nne kilikuwa cha maarifa, kuhusu utunzaji wa hesabu za biashara ndogo. Nilikisoma alfajiri kurasa tatu tatu, nikiwa na kalamu.

Hatua ya tatu: vipate vitabu bila kumaliza fedha

Anzia maktaba. Mbeya tuna maktaba ya mkoa na Iringa wanayo yao, zote chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nenda mwenyewe, uliza ada ya uanachama, uliza unaruhusiwa kukaa na kitabu siku ngapi na ukichelewesha inakuwaje. Rafu za Kiswahili zipitie kwa mkono, kitabu kimoja kimoja. Pia wako wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza turubai pembeni mwa barabara. Kwao usiulize jina la kitabu, chuchumaa uchambue. Kabla hujalipa hesabu kurasa za mwisho, kwa sababu kitabu cha mitumba kikikosa kitu, mara nyingi kinakosa mwisho.

Vitabu vya kusikiliza ni habari nyingine. Vya Kiswahili ni vichache ukilinganisha na vya Kiingereza. Kama Kiingereza kinapanda, tovuti ya LibriVox inatoa bure vitabu vya sauti ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Husomwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2005. Kwa kuwa ni watu wa kujitolea, sauti zinatofautiana. Sikiliza dakika tano za mwanzo kabla hujapakua kitabu kizima. Sauti usiyoipenda hutaivumilia saa nane.

Sasa bando. Kitabu cha sauti cha ubora wa kawaida, kilobiti 64 kwa sekunde, kinakula karibu MB 29 kwa saa moja. Kitabu cha saa nane kitakuwa kama MB 230. Ubora wa kilobiti 128 unakula mara mbili ya hapo, na kwa sauti ya mtu anayesoma huoni faida yoyote. Chagua kile cha chini. La muhimu zaidi: pakua mara moja, usisikilize moja kwa moja mtandaoni. Anayesikiliza mtandaoni akarudia sura, kuna uwezekano mkubwa analipia sura hiyo mara mbili. Mimi nilipakua vyote usiku wa tarehe 31 Mei, na Juni nzima sikugusa bando kwa ajili ya vitabu.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaijui. Simu nyingi za kisasa zinaweza kukusomea maandishi kwa sauti ya mashine, na baadhi zina sauti ya Kiswahili. Tafuta kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya sauti na lugha. Inasoma sawasawa kabisa, bila kupanda wala kushuka, kwa hiyo kwa riwaya siishauri. Kwa makala, barua ndefu, au maelezo ya mbolea inafaa sana.

Hatua ya nne: andaa simu na mahali

Zima taarifa za meseji unapoanza kusikiliza, la sivyo kila aya itakatwa na mlio. Weka kipima muda cha kujizima dakika ishirini kama unasikiliza kitandani, kwa sababu utalala, na kesho yake hutajua uliishia wapi. Kila unaposimama, angalia namba ya sura na dakika, iandike kwenye daftari. Programu nyingi hukumbuka zenyewe, lakini simu ikizima chaji ghafla kumbukumbu hiyo inaweza kupotea.

Kazini tumia sikio moja. Mteja akiita lazima umsikie, na motoni kuna pasi. Barabarani usitumie hata moja: barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita katikati ya jiji letu, malori hayakati mchana wala usiku.

Usiku wa Juni katika nyanda za juu ni wa kuogopwa. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete wako juu zaidi, na mtu anayesoma amekaa bila kusogea huwa ndiye anayeganda wa kwanza. Jifunike blanketi miguuni, vaa soksi mbili, weka chai kwenye chupa. Lakini jiko la mkaa usiliingize chumbani ukafunga mlango na dirisha. Nasema hili kwa uchungu, kila msimu wa baridi tunasikia. Mkaa unaowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi, na mtu anasinzia akidhani ni usingizi wa kitabu. Kama jiko lazima liwepo, liishie sebuleni na mlango uwe wazi, na kabla ya kulala litoke nje.

Hatua ya tano: mistari mitatu na mtu mmoja

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha mwezi wangu, nakuomba usiiruke.

Kila siku kabla ya kulala, andika mistari mitatu. Wa kwanza: nimefika wapi. Wa pili: jambo moja lililotokea, kwa maneno yako, bila kufungua kitabu. Wa tatu: swali. Ukishindwa kuandika mstari wa pili, basi siku hiyo macho yalipita au sauti ilipita, lakini hukusoma. Rudi nyuma kesho yake, wala usione haya.

Halafu msimulie mtu. Mtu mmoja tu, kwa dakika tano. Mimi nilimsimulia binti yangu wa cherehani wakati tunabandika vifungo. Siku ya kwanza nilianza Peponi: mtoto Yusuf ana miaka kumi na miwili, anachukuliwa nyumbani na tajiri anayemwita Ami Aziz, anapanda treni akidhani ni matembezi, baadaye anagundua kwamba baba yake alikuwa na deni. Binti akaacha sindano.

"Kwa hiyo baba yake alimweka rehani?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kama simu?"

Alikuwa anajua rehani vizuri. Mwezi wa tatu kaka yake aliweka simu dukani kwa mkopo wa siku saba, na haikurudi. Tulikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali ambalo mimi msomaji sikuwa nimejiuliza: "Mama yake alijua?" Usiku ule nilirudi kwenye kurasa za mwanzo kumtafuta yule mama, nikazisoma tena kwa jicho la yule binti. Nilikuwa nimempita haraka sana.

Tangu hapo niliona kwamba kila nilichomsimulia kilibaki, na nisichomsimulia kilianza kufifia ndani ya siku mbili. Wala haikujali kama nilikipata kwa macho au kwa masikio. Kusimulia kunakulazimisha upange nini kilitangulia na kwa nini, na msikilizaji akiuliza unajua papo hapo kama ulielewa.

Kama huna mtu, simulia kwa ujumbe wa sauti kwa ndugu aliye mbali. Kama hutaki kumsumbua mtu, jirekodi na ufute. Lakini mtu ni bora, kwa sababu mtu anauliza.

Hatua ya sita: msomee asiyeweza kusoma

Mama yangu anakaa Tukuyu. Alikuwa msomaji, kila gazeti lililofungia sukari alilikunjua akalisoma kwanza. Sasa macho yamefanya ukungu, herufi hazioni. Ana redio ndogo ya memori kadi inayoimba mapambio kutwa. Nikajiuliza, mbona hiyo kadi isibebe kitabu?

Nikachagua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Sababu ni umbo lake. Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe ni safari kamili. Kwa mtu anayesikiliza akiwa anapika au anapalilia migomba, hakuna mgao mzuri kama huo: mjumbe mmoja, jioni moja.

Ukitaka kurekodi, fanya hivi.

Tafuta chumba chenye nguo nyingi. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kinatoa mwangwi, unasikika kama unasoma ndani ya pipa. Kibanda changu kina vitenge na majora ya vitambaa hadi darini, sauti inamezwa vizuri, sijawahi kuwaza kwamba duka langu ni studio. Rekodi alfajiri. Mimi nilianza saa kumi na moja, kabla mashine za kusaga hazijawashwa na kabla makonda hawajaanza kuita. Mvua ikianza kupiga bati, funga, rudi kesho.

Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiitwe. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali wa kiganja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi "p" isipige kinasa sauti. Kunywa maji ya uvuguvugu. Soma sura nzima kimya kwanza, uweke alama ya penseli pale utakapopumua. Kiswahili cha Shaaban Robert kina sentensi ndefu zenye mizani, usipojua pa kupumulia utakata maana.

Ukikosea usizime. Nyamaza sekunde mbili, rudia sentensi yote tangu mwanzo, endelea. Ukitaka kusafisha baadaye, ukimya huo utauona. Usipotaka kusafisha, msikilizaji atakusamehe. Mama alisema yale makosa yalimpendeza, alinisikia ni mimi.

Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa. Ukurasa mmoja kama dakika mbili na zaidi. Sauti za watu usiigize sana, badilisha kidogo tu ili ajue nani anasema.

Mwisho, faili. Hizi redio ndogo nyingi zinasoma MP3 tu, kwa hiyo badilisha kama simu yako inahifadhi kwa namna nyingine. Kadi ya GB 4 au 8 inatosha kabisa, na kadi kubwa sana baadhi ya redio hazizisomi. Zipe faili majina ya namba, 01, 02, 03, na uzinakili kwenye kadi moja baada ya nyingine kwa mpangilio huo huo, kwa sababu redio nyingine hazijali jina, zinacheza kwa jinsi faili zilivyoingia. Mimi mara ya kwanza nilinakili zote kwa pamoja, mama akaanza na hukumu kabla ya mashtaka. Zangu zilikuwa nane: mashtaka, wajumbe sita, na mwisho wa kesi.

Jambo hili ni la nyumbani. Kitabu chenye hakimiliki ukimrekodia mama yako abaki nacho mama yako, usikirushe kwenye makundi. Waandishi wetu wanakula kwa vitabu hivyo.

Hatua ya saba: safari

Katikati ya mwezi nilikwenda Iringa kumuaga binti ya kaka yangu anayeolewa. Zaidi ya kilomita 300, saa nyingi za kukaa. Kila mtu hufikiri basi ndilo mahali pa kusoma. Kusoma kwa macho sikushauri, barabara ina mizunguko na matuta, kufika Igawa utakuwa unatafuta mfuko. Sikiliza. Pakua kila kitu kabla hujatoka nyumbani, kuna vipande vya njia mtandao unapotea kabisa. Usikae chini ya spika ya basi, uliza kabla ya kukata tiketi. Na acha masikio wazi mara moja moja: Makambako niliondoa hedifoni nikanunua viazi, nikasikia mabishano ya bei ya parachichi ambayo yangetosha sura nzima.

Nilisikiliza hadithi nne hadi Mafinga, kisha nikazima nikatazama misitu ya misonobari. Tulipofika Ipogolo shangazi yangu alinipokea kwa "Kamwene", na kabla sijakaa nikaanza kumsimulia hadithi ya tatu.

Hatua ya nane: kuacha kitabu

Kitabu cha akiba nilikiacha ukurasa wa arobaini. Kipe kitabu siku tano. Kama mistari mitatu ya kila siku haina swali hata moja, kirudishe, chukua kingine. Andika tu kwa nini umekiacha, itakusaidia kuchagua mwezi ujao.

Hatua ya tisa: hesabu ya mwisho wa mwezi

Tarehe 30 Juni nilifunga mapema. Nikachukua karatasi safi, na kwa kila kitabu nikaandika yote ninayokumbuka bila kugusa kitabu wala daftari. Dakika kumi kila kimoja. Baada ya hapo ndipo nikafungua daftari nikalinganisha. Fanya hivyo nawe, ndipo utajua mwezi umekwendaje. Idadi ya vitabu haitakuambia.

Peponi nilijaza kurasa mbili. Kitabu cha hesabu niliandika nusu ukurasa, lakini mambo mawili kati ya niliyoandika nilikuwa tayari nayafanya dukani: fedha ya biashara na fedha ya nyumbani zinakaa mikebe tofauti, na deni la mteja linaandikwa siku ile ile. Nahesabu kuwa nimekisoma vizuri.

Hadithi za upelelezi ndizo zilizonifundisha. Wiki ya pili niliongeza kasi ya sauti hadi mara moja na nusu, nikidhani nitamaliza zaidi. Kitabu cha saa tisa kinaisha kwa saa sita, inavutia. Kwenye karatasi, hadithi zote za wiki ile ziliandikika mstari mmoja mmoja, na mbili nilizichanganya, muuaji wa hii nikamweka kwenye ile. Zile za wiki ya tatu, nilizozisikiliza kwa kasi ya kawaida na kumsimulia binti, nilizikumbuka hadi rangi ya koti. Kwa Kiingereza, ambacho si lugha yangu ya kwanza, sasa sizidishi kasi hata kidogo. Penye maneno magumu naipunguza.

Jiulize maswali haya pia, kwa maandishi: saa gani ya siku ilinipa zaidi? Kitabu gani nilikipeleka kwenye kazi isiyokifaa? Nani alinisikiliza, na aliuliza nini? Kwangu saa bora ilikuwa alfajiri, jambo ambalo nisingeamini kwa baridi ile. Saa mbovu ilikuwa usiku baada ya saa tatu, macho yanasoma mstari mmoja mara nne. Julai nimeihamisha yote asubuhi.

Jumapili iliyofuata nilipanda gari kwenda Tukuyu kuchukua kadi ya mama niiwekee kitabu kingine. Nilimkuta kibarazani na jirani zake wawili, wanamenya ndizi. Redio ilikuwa imezimwa. Mama alikuwa anawasimulia kwa Kinyakyusa, mkono umeshika kisu hewani. Nilisimama pembeni ya migomba nisimkatize, nikasikiliza kidogo kabla sijatambua ni nini: ni yule mjumbe wa kusini. Lakini wa kwake alikuwa anapita kwenye ukungu, anavuka mto kwa daraja la mianzi, na anapoulizwa anakotoka anajibu kwa adabu zote za Kinyakyusa. Jirani mmoja akamkatiza, "Na huyo Karama, walimwachia?" Mama akamwambia angoje, bado wajumbe wawili.

Alipomaliza nikawasalimu. Mama akasema, "Ndaga fijo, mwanangu, kadi yako haijaharibika." Nilimwomba aanze tena tangu mashtaka. Nikaweka simu juu ya kitenge kilichokunjwa, umbali wa kiganja, pembeni kidogo ya mdomo wake, nikabonyeza. Faili hiyo nimeipa namba 09.